Soketi Tatu Tupu

Taa za dashibodi zilizimika zote kwa pamoja, injini ikakata, na gari la mikate likasimama likiwa limeziba lango la kiwanda, pua ndani, mkia barabarani. Nyuma yake honi zikaanza. Dereva alizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena huku ameinamisha kichwa karibu na usukani, kama anayemnong'oneza mgonjwa aamke.

Msimamizi wa kiwanda akatoka, koti jeupe, unga mabegani.

"Wewe tena?"

"Fyuzi tu, bosi. Sasa hivi."

"Juzi fyuzi. Wiki iliyopita fyuzi. Kwani hilo gari linakula fyuzi badala ya mafuta?"

Wapakiaji waliangua kicheko. Dereva naye akacheka kidogo. Asingecheka angeonekana amenuna, na kununa pale langoni kulikuwa anasa asiyoiweza. Alishuka, akaweka bega mlangoni, na wale wale waliomcheka wakaja kumsaidia kusukuma. Mmoja alimuuliza kama gari limepata kifungua kinywa.

Lilipokaa pembeni, msimamizi alimsogelea akashusha sauti, jambo lililokuwa baya kuliko kelele.

"Nikwambie kitu. Wenye maduka wakikosa mkate asubuhi wananipigia mimi, hawakupigii wewe. Nimekuvumilia kwa sababu hujawahi kunipunja hata mkate mmoja. Lakini likiendelea hivi, njia yako nampa mwingine. Wapo. Kila siku wanapita ofisini kwangu, na magari yao yanawaka."

"Halitazima, bosi."

"Usiniahidi mimi. Liambie gari."

Aliweka fyuzi nyingine, akasambaza mikate kwa kuchelewa, kisha akaelekea kwa fundi umeme.

Kabla ya kufika, alisimamisha gari kando ya ukuta usio na watu. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, juu kabisa, nyuma ya sanduku la fyuzi, akafungua kwa kupapasa kipande cha waya mwembamba, akatoa kopo dogo la dawa ya viatu. Akalitia mfukoni. Ndani ya kopo mlikuwa na ufunguo wa akiba wa gari.

Zamani ufunguo huo ulining'inia kwenye msumari sebuleni, chini ya kalenda. Uliondoka msumarini siku ile ile shemeji yake, mdogo wa mke wake, alipotoka gerezani na kuja kulala kwenye kochi lao. Alifungwa kwa kung'oa vipuri vya magari ya tajiri wake na kuviuza, na mtaani hata watoto wadogo walimwita Spea. Dereva hakumwambia mtu kuhusu kopo, hata mke wake. Na fundi naye hakutaka alione, maana gereji yenyewe ni uwanja mtupu, kila apitaye anachungulia.

Fundi umeme alilala chali sakafuni mwa gari, miguu nje. Akabadilisha fyuzi, kwa kuwa ile ya dereva ilikuwa ya kuungaunga. Akamwambia azungushe usukani kulia, kushoto, akanyage breki, awashe wipa, azime, awashe tena. Kila kitu kilitii. Walizunguka na gari mtaa mzima, wakarudi, halikukohoa. Fundi alivuta nyaya zote alizozifikia, akazibonyeza moja moja, hakuona iliyochubuka.

Hapo alipaswa kusema hajui. Lakini walikuwa wamesimama wateja wengine wanasikiliza, pamoja na fundi wa breki ambaye mdomo wake haukuwa na breki, na neno hilo dogo likakataa kutoka.

"Njoo uone," alisema badala yake.

Dereva akainama. Katikati ya kitita cha nyaya, mwanga wa tochi uliangukia vichwa vitatu vya plastiki, kila kimoja na matundu yake, vikining'inia bila kushika kitu.

"Unaona soketi hizi? Zina nyaya zake kamili. Lakini hazijachomekwa popote."

"Maana yake?"

"Maana yake hapa palikuwa na kitu, kimetolewa."

"Kitu gani?"

"Kitu." Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Waya hauwekwi kwa mapambo. Mtu katoa, na alipotoa kaacha hitilafu. Gari linalala wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani mwingine anaingia humu?"

Fundi wa breki akamjibia.

"Si yupo Spea pale kwake? Kila asubuhi anaosha gari. Mimi nimemuona kwa macho yangu, kichwa chini ya dashibodi, makalio juu!"

"Mimi sijamtaja mtu," fundi umeme alisema haraka. "Nimetaja soketi."

*

Gari lilirudi nyumbani vizuri kabisa, na hilo likamuudhi dereva zaidi. Alipoegesha alitazama huku na huku, akalirudisha kopo mahali pake, akalifunga kwa ule waya, akaingia ndani.

Mke wake alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na sare za shule za watu. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, kama kawaida yake, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Alikuwa akiunganisha mkanda wa begi la binti yao.

"Mjomba, vuta," binti alimwambia.

"Navuta. Ukibeba matofali sasa, lawama si zangu."

Walipokaa kula, dereva alisubiri mpaka kila mtu ameanza.

"Shemeji, wewe unayajua magari."

Kijiko cha mjomba kilisimama. Nyumba ile ilikuwa na mambo mawili yasiyotajwa mezani, gereza na magari.

"Kidogo," alisema.

"Chini ya dashibodi yangu kuna soketi tatu tupu. Fundi anasema kuna kitu kimetolewa. Ni kitu gani hicho?"

"Hakijatolewa kitu, shemeji. Hizo huwa tupu tangu kiwandani."

"Umejuaje?"

Lilikuwa swali la neno moja, na halikuwa na jibu la kutamkwa mbele ya mtoto. Mjomba alijua kwa sababu magari ya aina ile ile ndiyo aliyokuwa akiyafungua kwa tajiri wake. Aliwahi kuingiza mkono katika soketi kama zile akitafuta cha kuuza, akakuta hakuna.

"Kiwandani wanatengeneza kitita kimoja cha nyaya kwa magari yote," alisema taratibu, macho kwenye sahani. "Mnunuzi akiongeza hela anawekewa taa za ukungu, feni ya nyuma, saa. Asipoongeza, soketi inabaki inaning'inia. Gari lako lilinunuliwa na mtu asiyeongeza."

"Nimekuuliza umejuaje."

"Unajua nimejuaje, shemeji."

"Mama, mjomba amejuaje?" binti aliuliza.

"Kula," mama yake akamwambia.

Mjomba aliinua macho akamtazama dada yake. Hakuwa anaomba jambo kubwa. Angesema tu, "Basi, yaishe, mwenzio amekujibu," ingetosha. Lakini dada mtu alikuwa ameinamia sketi yake, anaokota vipande vya nyuzi vilivyonasa kwenye kitambaa, kimoja baada ya kingine, kana kwamba kazi hiyo haikuweza kungoja.

Jikoni, mume alimfuata akiwa na sauti ya chini.

"Likiwa gereji linapona, likilala nyumbani linaugua. Nieleze wewe."

"Labda ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya inaosha gari kila asubuhi?"

"Baba watoto, yule ni mdogo wangu."

"Sijakataa. Nakuuliza unaweza kumwapia?"

Alikuwa akifuta sufuria iliyokwisha kukauka. Aliendelea kuifuta. Hakuapa.

*

Jumamosi alfajiri dereva alisimama nyuma ya pazia akamtazama shemeji yake akiosha gari. Mjomba aliliona pazia likicheza. Akaosha paa, akaosha vioo, akaosha matairi, wala hakufungua mlango hata mara moja. Alitaka aonekane kwamba hagusi ndani.

Mbona leo hajafungua mlango? dereva alijiuliza. Siku zote anafagia mpaka chembe za mkate. Leo anaogopa nini?

Gari lilizima kwenye mzunguko wa barabara, limejaa mikate ya moto. Trafiki alimpigia kelele, madereva wakamtukania mama. Alibadilisha fyuzi, na alipofika kwenye maduka ya mwisho mwenye duka mmoja aliubonyeza mkate, akamrudishia. "Wateja wangu wameshakunywa chai kavu. Huu nimuuzie nani?"

Simu ya msimamizi ilikuja akiwa bado amesimama hapo na mkate mkononi.

"Jumatatu asubuhi njoo upakie. Hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho, na ninakupa kwa aibu ya kukufukuza kwenye simu."

Aliingia nyumbani bila kuvua viatu.

"Shemeji, leta begi lako."

Mke alisimamisha cherehani. Nje, jirani aliyekuwa akianika nguo akaanza kuanika polepole.

"La nini?" mjomba aliuliza.

"Ulichotoa kwenye gari langu umekiweka mahali. Kama huna kitu, begi halitakuuma."

Mjomba hakubishana. Alilivuta begi kutoka chini ya kochi, akalifungua mwenyewe, akalipindua juu ya meza ya kushonea, kwa namna ya mtu aliyezoea kupekuliwa na anayejua kwamba kuchelewa huongeza matusi. Vilianguka mashati mawili, sabuni, kitana, kitambaa cha kufutia gari kilichofuliwa na kukunjwa vizuri. Kikaanguka na kisanduku cha penseli za rangi, bado kimefungwa.

"Hizi ni za binti," alisema. "Nimenunua. Risiti tu ndiyo sina."

Hakuna aliyecheka. Dereva aliyatazama yale mashati, akaona aibu inapanda, na kwa kuwa hakuwa na pa kuipeleka akaigeuza hasira.

"Kama hakipo humu, umeshakiuza."

"Sawa, shemeji." Mjomba alianza kurudisha vitu begini. "Nimekuelewa. Mimi nikiwepo, gari lako likipata hata pancha, msumari utakuwa wangu. Acha niondoke upate kulala."

"Utalala wapi?" dada yake aliuliza. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema siku hiyo.

"Darajani, kwa waosha magari. Wana kibanda." Alisimama mlangoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika kuvaa ndala. Alipoona hakuna neno lingine linalokuja, akasema, "Haya, dada," akashuka ngazi.

Jirani alikuwa amemaliza nguo zote. Alikuwa anaanika beseni.

*

Jumapili dereva alitoka mapema kwenda kumbembeleza rafiki yake mwenye gari, ili Jumatatu ambebee mikate kama lake likigoma. Binti alikuwa sebuleni akichora kwa penseli zake mpya, na kila mtu aliyemchora alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi.

Mama yake alitazama ile michoro kwa muda. Kisha akachukua kikapu cha nyuzi na tochi, akaenda kwenye gari.

Yeye hakujua umeme. Alijua nguo. Mteja akimletea gauni la zamani alichane ili atolee jingine, hufunga kila kipande kwa uzi wa rangi yake kabla hajafumua, asije akashona kola mahali pa mkono. Alijipinda chini ya dashibodi mpaka shingo ikamuuma, akafanya vivyo hivyo. Kila soketi aliyoiona aliifunga uzi: iliyoingia nyuma ya redio njano, ya wipa kijani, ya taa buluu, na zile tatu tupu nyeupe. Alifuata kila waya kwa kidole mpaka unapopotelea. Hata juu kabisa, nyuma ya sanduku la fyuzi, pale ambapo jicho halifiki, alipapasa kitu cha duara, cha bati, kimefungwa kwa waya mwembamba. Akakifunga uzi mwekundu.

Alichotaka kilikuwa kimoja, na hakuthubutu kukisema hata moyoni: kujua kama alikuwa amefuga mwizi au amefukuza ndugu.

Mtaa wa pili aliishi dereva wa maziwa, mwenye gari la aina ile ile na umri ule ule. Alimkuta amelikalia boneti akikata kucha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, fundi. Sare ya mwanangu imeisha?"

"Bado. Nimekuja kukuomba nichungulie chini ya dashibodi yako."

Alimtazama yule mama, akatazama kikapu cha nyuzi.

"Unataka kulishonea gari langu suruali?"

"Nataka kulinganisha tu. Sitatoa kitu."

"Ungetoa ningekuua," alisema kwa furaha, akafungua mlango. "Hili nilikabidhiwa jipya, kabla halijasajiliwa. Mke wangu ana wivu nalo. Hakuna mkono uliowahi kuingia humo, wako ndio wa kwanza."

Alijipinda tena. Njano, kijani, buluu: kila soketi aliyoifunga kwao, hapa ilikuwepo mwenzake. Kisha, katikati ya kitita, mwanga ukaangukia vichwa vitatu vya plastiki vinavyoning'inia bila kushika kitu. Vilikuwa na vumbi la miaka yote ya lile gari, laini kama unga, bila alama ya kidole.

Alivifunga nyuzi nyeupe, moja, mbili, tatu.

"Fundi, unalia humo ndani?"

"Vumbi, kaka."

"Vumbi la gari langu halilizi mtu. Toka unywe maji."

Lakini hakuweza kutoka, kwa sababu mkononi mwake ulikuwa umebaki uzi. Mwekundu. Alipapasa juu, nyuma ya sanduku la fyuzi, kulia, kushoto, akarudia. Palikuwa na nyaya tu, na nafasi. Kile kitu cha duara hakikuwepo. Akaelewa kwamba siku zote hizi walikuwa wakitafuta kilichopungua, na hakuna aliyetafuta kilichozidi.

Alirudi kwao karibu anakimbia. Alifuata uzi mwekundu kwa vidole, akafungua ule waya mwembamba, akakivuta kitu nje kwenye mwanga wa jua. Kopo la dawa ya viatu. La rangi nyeusi, ya viatu vya mume wake. Alilitikisa, likalia. Hakuhitaji kulifungua, lakini alilifungua.

Ukingo wa kopo ulikuwa umeng'aa upande mmoja kwa kusuguliwa, na juu ya mng'ao huo palikuwa na doa jeusi la kuungua. Alirudisha tochi kule juu. Pale kopo lilipokuwa likining'inia, waya mmoja ulikuwa umeliwa ngozi mpaka shaba inaonekana. Gari likienda taratibu, kopo lilitulia. Gari likikata kona kali, kama ile ya kuingia lango la kiwanda, au ya kwenye mzunguko, kopo lilibembea, likauuma waya huku limegusa chuma.

*

Dereva alirudi amechoka. Rafiki yake alikuwa na udhuru. Alimkuta mke wake ameketi kwenye kiti cha gari, mlango wazi, kopo mapajani.

Alisimama. Uso wake ulibadilika kabla hajaambiwa lolote.

"Ulipolipeleka gereji," mke alisema, "hili ulilitoa kwanza?"

"Nili... ndiyo."

"Ukamaliza, ukarudisha."

"Ndiyo."

"Basi chungulia hapo juu."

Alichungulia. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona waya mmoja. Alipoinuka hakumtazama mke wake, alitazama sebule yao kupitia dirishani, msumari mtupu chini ya kalenda.

"Nilikuwa naficha ufunguo tu."

"Ulikuwa unamficha mdogo wangu."

"Mama watoto, ungekuwa wewe..."

"Mimi?" Sauti yake ilipasuka. "Mimi nimefanya vibaya kukuzidi. Wewe umemjua juzi. Mimi nilimbeba mgongoni. Aliponitazama pale mezani nikaanza kuokota nyuzi."

Jirani alitokea na beseni lake, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Ingia," mke alisema. "Twende."

"Waya uko wazi. Na mimi sijui kuufunga vizuri, na leo gereji zimefungwa. Kesho alfajiri—"

"Endesha taratibu. Kopo halipo, hakuna kitakachouma waya."

*

Chini ya daraja, mjomba alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, anasugua matairi ya gari la mtu. Alipoona gari la mikate linashuka, alisimama akaweka brashi chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono ikaenda mgongoni yenyewe. Waosha magari wenzake walitazama. Hapo darajani kila mtu alijua maana ya mikono kwenda mgongoni namna ile.

Dereva alishuka. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na yote yakamkimbia. Alifungua kiganja, akaonyesha kopo.

"Kumbe lilikuwa hili," alisema. "Nililiweka mimi. Na ufunguo ndani yake."

Mjomba alilitazama kopo, akatazama doa jeusi ukingoni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesoma habari ya kifo cha asiyemfahamu.

"Basi umeshajua ugonjwa," alisema.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Dada yake alishuka upande wa pili akaja mpaka mbele yake.

"Mdogo wangu, mimi sina hata kopo la kuonyesha. Nilinyamaza tu."

Hapo ndipo mjomba alipogeuka kuangalia mto wa maji machafu ya sabuni unaopita chini ya daraja. "Ndiyo lililoniuma," alisema. "Shemeji ana haki ya kuniogopa. Wewe ulinijua."

Gari jingine liliingia kuoshwa, mwenyewe akapiga honi. Hakuna aliyemjali.

"Kesho unapakia?" mjomba aliuliza, bado amegeuka.

"Likiwaka. Likizima, njia inaenda kwa mwingine."

"Tepu unayo?"

"Ninayo."

"Kata kipande kirefu. Waya usiufunge hivi hivi, ukunje kwanza mbali na kile chuma. Mimi nitakuelekeza."

"Si ufunge wewe?"

"Mimi siingizi mkono humo, shemeji." Aliisema bila hasira, mikono ikiwa bado mgongoni. "Nitasimama hapa, kila mtu anione. Wewe fanya."

Dereva alilala chali sakafuni mwa gari, miguu nje, mke akimulika. Mjomba alisimama hatua mbili kutoka mlangoni akaelekeza: juu kidogo, kushoto, nyuma ya sanduku, huo mwembamba. Dereva alipeleka mkono mahali alipokuwa akiupeleka kila jioni kuhakikisha kopo lipo, gizani, bila kukosea, tangu shemeji yake alipohamia kwao. Kidole chake kiligusa shaba.

Akautoa mkono.

"Shemeji," alisema kutoka kule chini. "Mkono wangu haufiki."

Mke alimtazama. Yeye alijua unafika. Mjomba naye alijua; mtu anayeweza kufunga kopo pale anaweza kufunga tepu. Safari hii dada mtu alinyamaza tena, akiomba ndani kwa ndani kunyamaza kwake kuwe na faida.

"Unasema uongo," mjomba alisema.

"Ndiyo," dereva akajibu. "Lakini haufiki."

Alijivuta nje, akakaa kando kwenye maji ya sabuni na suruali yake ya Jumapili, mlango ukiwa wazi kabisa, tepu mkononi ameinyoosha. Waosha magari walikuwa wameacha kazi zao. Mjomba alitazama tepu, akatazama mlango. Aliipangusa mikono yake kwenye shati, mbele na nyuma, mara nyingi kuliko ilivyokuwa na maji, akaichukua tepu, akalala chali, akaingia.

Walimsikia akikata tepu kwa meno. Kisha sauti yake ikatoka, imezibwazibwa na dashibodi.

"Hizi nyuzi za rangi nani kazifunga?"

"Mimi," dada yake alisema. "Nitazitoa."

"Ziache." Mkono wake ulikuwa ukifanya kazi. "Shemeji, washa. Halafu zungusha usukani kushoto, mpaka mwisho."